Ukuta wa Majaribio

Mhandisi wa manispaa alichomeka kidole kwenye ufa, kikazama hadi pingili ya pili. Akakitoa, akakipangusa kwa leso, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nyuma yake walisimama wenye nyumba, mume, mke na binti yao, wamebana pumzi kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Ufa huu una muda gani?" mhandisi aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ina kamba shingoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa kurudia maneno.

"Miezi mitano," mke alidakia. "Ulianza walipoleta lile katapila lao kuchimba msingi. Wiki ile ile! Usiku tulisikia tofali linalia, kwaa."

Msimamizi wa ujenzi alicheka puani. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia ghorofa lililokuwa likipanda kiwanja cha pili, mita chache kutoka kwenye ukuta ule wa nyuma. Kofia yake ya plastiki ilikuwa safi hata ukajiuliza kama iliwahi kuona vumbi.

"Mama, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini ufa kama huu si wa miezi mitano. Huu ni wa mvua za mwaka juzi. Nyumba imechoka, msingi wake mawe na udongo. Sisi tumekuja tumeukuta."

"Mmeukuta? Ulipita uani kwangu lini ukaukuta?"

"Basi, basi," mhandisi aliinua mkono. "Mimi sipimi maneno. Mnisikilize wote. Kama ufa umeletwa na uchimbaji, kampuni itajenga ukuta huu upya kwa gharama yake. Kama ni wa zamani, nyumba hii haifai kukaliwa na binadamu. Nitaichora alama nyekundu, na mtakuwa na siku thelathini za kuhama. Alhamisi saa nne mje ofisini, kila upande na ushahidi wake."

Mke aliangalia juu, kwenye paa la chumba chao lililokuwa limeegemea ukuta ule. Nyumba ile waliachiwa na mama mkwe wake. Hawakuwa na nyingine, na wala hawakuwa na pa kuanzia kutafuta nyingine.

Ndipo binti, mwanafunzi wa sekondari, mdomo haujui breki, alipopiga makofi. "Mama! Si baba anazo picha? Baba si anaupiga picha ukuta huu huu kila Jumamosi?"

Watu wote wakageuka kumtazama baba mtu. Na yeye, badala ya kufurahi kama mtu aliyeokolewa, aliinama akaanza kufunga upya kamba za viatu.

Kazini walimwita Lebo, na jina likamfuata hadi mtaani. Alikuwa mtunza stoo katika duka la jumla la mabomba na koki, na katika stoo ile hakuna hata nati iliyolala bila kikaratasi: kifaa gani, kimeingia lini, bei gani, mali ya nani. Nyumbani ni yule yule. Kopo la chumvi lina lebo, chumvi yenyewe mnaiona. Mwamvuli una lebo. Mkewe alikuwa akisema siku moja ataamka ajikute naye kabandikwa kwenye paji la uso.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa kamera. Nasema ugonjwa kwa sababu mtu mzima wa afya hununua kamera apige picha. Yeye alipiga picha ili aone kamera inafanyaje. Alikuwa na miguu miwili ya kusimamishia kamera, mmoja wa nyumbani, mwingine wa safari ambazo hakuwahi kusafiri. Alikuwa na mifuko mitatu, filta tano, betri nne za akiba, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na kopo zima la vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukoo mzima ulikuwa ukimwekea. Kwenye harusi ya shemeji yake alibeba vyote hivyo, akashinda anapima mwanga, bibi harusi akaambulia picha mbili, na moja kafumba macho.

Wenzake wa kwenye kundi la simu la wapenda kamera ndio waliomfundisha habari ya ukuta. Ukitaka kuijua lenzi, walisema, usipige watu, watu wanatikisika. Piga matofali. Pembeni bandika ukurasa wa gazeti wenye matangazo yale madogo madogo, halafu ikuze picha uone kama herufi za pembeni zinasomeka. Basi kila Jumamosi asubuhi ungemkuta uani, kamera juu ya miguu, yeye kainama nyuma yake, ukuta wa matofali mbele. Na kwa kuwa yeye ni Lebo, kando ya gazeti alibandika na kikaratasi cha lenzi anayoijaribu.

Msimamizi aliagana nao akiwa amepunguza kicheko. Mke alimshika mumewe mkono, mbele za watu, jambo asilokuwa na mazoea nalo.

"Miaka yote nakusema," alimwambia. "Nakuita mwendawazimu wa matofali. Nisamehe, mume wangu. Leo matofali yako yanatuokoa."

Lebo alitabasamu kwa shida. Alitamani ardhi ipasuke kuliko ule ukuta.

Jioni walikaa watatu mezani, kamera katikati. Mke aliisogeza pembeni mikoba yake ya kazi. Alikuwa fundi wa sare za shule, na kingo za sare zile alizifunga kwa mkono, sindano kwa sindano, kwa sababu hakuwa na ovaloki, ile mashine inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Wenye ovaloki walishona sare sita kwa siku. Yeye mbili, na ncha za vidole zilikuwa zimeota sugu.

"Haya, tuonyeshe," alisema.

Lebo aliwasha kamera. "Tatizo ni tarehe. Saa ya ndani ya hii kamera ilishakufa. Kila nikitoa betri inarudi mwanzo. Picha zote zinasema tarehe mosi Januari."

"Zote?"

"Zote."

"Lakini baba, kuna gazeti," binti alisema, kakaribia hadi pua inagusa kioo. "Gazeti si lina tarehe?"

Lebo alifungua picha ya Februari, iliyopigwa na ile lenzi ya zamani iliyokuja na kamera. Ukuta mzima, hauna hata mkwaruzo. Akaikuza pembeni. Ukurasa wa gazeti ulikuwa umekuwa wa njano, na tarehe yake ilikuwa ukungu mtupu. "Hata ingesomeka," alisema, "ukurasa huo ulikaa hapo miaka mitatu. Yule bwana atasema picha ni ya miaka mitatu iliyopita."

"Lakini ulibadilisha, baba. Nakumbuka asubuhi moja ulinunua gazeti jipya kabisa, ukabandika. Nilitaka nisome katuni ukanifukuza. Siku ulipoazimwa ile lenzi nzuri."

Mke alimtazama mumewe kwa macho ya mtu anayeona mlango ukifunguka. "Hizo ndizo! Ziko wapi?"

"Nadhani nilizifuta," Lebo alisema. "Nitazitafuta."

Nikwambie sasa hivi, usije ukahangaika bure: hakuzifuta. Zilikuwa kwenye kadi ndogo, ndani ya kijaluba chenye lebo. Na lenzi ile nzuri hakuazimwa na mtu.

Tarehe nane ya mwezi wa tatu mkewe alimkabidhi laki nne na nusu, akiba ya miaka miwili ya sindano, amnunulie ovaloki mjini kwa kuwa duka lilikuwa karibu na kazini kwake. Mchana ule ule, mpiga picha mmoja wa harusi aliweka tangazo kwenye kundi: lenzi ya milimita hamsini, haina mkwaruzo, inayoona gizani kama paka, laki nne na nusu, wa kwanza ndiye. Bei ile ile! Lebo alijiambia anakwenda kuitazama tu. Alipoishika, ikawa nzito na ya baridi mkononi, kioo chake kina rangi ya zambarau kama ngozi ya biringani. Jioni alikwenda chooni kazini, akatoa wembe, akapasua mfuko wa suruali yake ya kijivu.

"Nimeibiwa," alimwambia mkewe mlangoni, akimwonyesha mfuko unaoning'inia.

Angegombezwa, pengine angeungama. Lakini mkewe alimkumbatia. Alilia, ndiyo, lakini alisema, "Bora wamechana nguo, hawakukuchana wewe." Akamvua suruali, akakaa sakafuni, akaushona ule mfuko kwa mishono midogo midogo hata usingejua uliwahi kuchanika. Kesho yake wenzake kazini walimchangia pole, wakampa kwenye bahasha, na yeye akaipokea kwa mikono miwili. Ile hela alinunulia kofia ya lenzi.

Tangu siku hiyo hakuwahi kula akashiba vizuri. Kuhusu lenzi, asubuhi ya tarehe tisa alisema kaazimwa na mpiga picha aitunze, mwenyewe yuko safarini. Mkewe akaamini. Akaishonea hata kijifuko cha kitambaa laini, "mali ya watu isije ikapata mikwaruzo."

Na kikaratasi kile cha siku ya kwanza, kilichobandikwa ukutani kando ya gazeti jipya la tarehe tisa, kilikuwa na kila kitu. Mtunza stoo hajui kuandika nusu lebo.

Jumanne mchana alimpigia simu mpiga picha wa harusi, kajibanza nyuma ya maboksi ya koki.

"Kaka, naomba unisaidie. Mtu akikuuliza, sema ile lenzi uliniazima."

"Nilikuazima? Nilikuuzia, hela nimekula, nimesahau."

"Najua. Ni mambo ya nyumbani tu."

"Aa, hapana. Mambo ya nyumbani ya mtu mimi siingii. Leo shahidi, kesho mtuhumiwa." Akakata simu.

Lebo alibaki anaitazama simu mpaka bosi wake akamwita mara ya tatu. Siku ile alitoa koki za nusu inchi akaziandikia robo tatu, na mteja akazirudisha kwa matusi mbele ya watu wote. "Lebo amekosea lebo!" vijana wa mauzo walicheka hadi wakashika matumbo. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa akihesabu: Jumatano, Alhamisi.

Alipotoka kazini alipitia duka la kuchapisha picha, akaomba ile picha ya siku ya kwanza ikatwe. "Acha ukuta, acha gazeti," alimwelekeza kijana wa kompyuta. "Hapa pembeni toa." Kikaratasi kikatoweka. Picha ikatoka safi kwenye karatasi inayong'aa: matofali mazima, na juu ya ukurasa wa gazeti, tarehe tisa Machi, inasomeka kama imeandikwa mezani kwako. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nyumba itapona, na siri itapona.

Ikabaki kuifuta ile halisi. Alisimama nje ya duka, akairudisha kadi kwenye kamera, akaifungua picha, akabonyeza alama ya pipa la taka. Kamera ikauliza: Futa? Ndiyo. Hapana.

Kidole gumba kilikaa juu ya Ndiyo. Kisha, kwa mazoea tu, akaikuza picha kidogo, mara ya mwisho. Jamani! Punje za mchanga kwenye tofali zilihesabika. Mdudu chungu mmoja alikuwa akitembea kwenye saruji, na miguu yake ilionekana yote sita. Hakuwahi kupiga picha kali namna ile, kabla wala baada. Siku nyingine upepo ulimharibia, siku nyingine mkono. Kwenye kundi walimpigia saluti kwa picha ile wiki nzima. Mtu mwingine yeyote angebonyeza Ndiyo akaenda zake kula. Yeye alibonyeza Hapana, akaizima kamera, akajiambia nani ataiona, karatasi inatosha.

Mkewe alipoiona ile karatasi alipiga kigelegele, jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna posa.

Alhamisi ofisi ya mhandisi ilikuwa chumba cha meza mbili, moja yake, moja ya karani wa kike aliyekuwa akiandika kila kinachosemwa. Feni ilikuwa inazunguka polepole kama inalipwa kwa mwezi. Msimamizi wa ujenzi alikuja na faili nene na mtu wa pili aliyevaa suti ambaye hakutambulishwa. Lebo na mkewe walipewa benchi lisilo na mgongo.

Mhandisi alivaa miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Gazeti la tarehe tisa Machi," alisema, "haliwezi kubandikwa ukutani tarehe nane. Kwa hiyo picha hii ni ya tarehe tisa au baada yake. Na ukuta ni mzima. Katapila limeanza lini?"

"Tarehe kumi na tatu," karani alisoma.

Mke alimbana mumewe kiganja, kwa chini.

Yule mwenye suti aliomba aione. Akaigeuza, akaipima kwa macho, akatabasamu. "Hii picha imekatwa, mheshimiwa. Tazama, gazeti limeishia ukingoni kabisa. Sisi tunauliza, hapa pembeni kulikuwa na nini? Isije kuwa ufa ndio uliokatwa."

"Swali la haki," mhandisi alisema. "Bwana, picha halisi iko wapi?"

Lebo alishika ukingo wa benchi. "Halisi... haipo. Nilishaifuta, mheshimiwa."

"Basi hii karatasi sitaweza kuipokea. Samahani." Aliiweka pembeni, juu ya rundo la mafaili mengine, na msimamizi akajinyoosha kwenye kiti chake.

"Subiri kwanza," mke alisema. Alikuwa amekwisha fungua mkoba wake wa kazi, ule wa nguo na nyuzi. Chini ya sare akaitoa kamera, imevalishwa kile kijifuko laini alichokishona mwenyewe. "Nimeibeba. Nilisema watu hawa wakorofi, huwezi kujua. Mume wangu ana woga, akiwa mbele ya wakubwa anasahau. Itazameni humo, hajafuta kitu huyu, hata picha za mwaka wa kwanza anazo."

Karani alicheka kidogo. Lebo hakuweza kuinua macho. Mhandisi aliiwasha kamera, na ya kwanza kutokea kwenye kioo, kwa kuwa ndiyo iliyofunguliwa mwisho, ilikuwa ile.

"Hii hapa. Kumbe ipo." Alimtazama Lebo juu ya miwani, kisha akarudi kwenye picha, akasogeza huku na huku. "Ufa hakuna. Tarehe ya gazeti ni ile ile. Pembeni kuna kikaratasi. Ndicho kilichokatwa?"

"Soma tusikie," mwenye suti alisema. "Mtu hafichi kitu cha bure."

"Asome mwenyewe aliyeandika." Mhandisi alimpitishia Lebo kamera. "Neno kwa neno, polepole, karani anaandika."

Lebo aliishika. Alitamani lenzi ile ingekuwa mbovu, ingekuwa na ukungu, ingekuwa imepigwa na mkono wa mlevi. Lakini herufi zilisimama wima, nyeusi, mwandiko wake mzuri wa stoo, na mkewe alikuwa begani kwake anatazama kioo kile kile. Angeweza kukataa. Angekataa, wangetoka pale na alama nyekundu.

"Kifaa," alisoma. "Lenzi, milimita hamsini."

"Endelea."

"Imeingia... tarehe nane, mwezi wa tatu."

Kalamu ya karani ilikwaruza, ikasimama, ikasubiri.

"Bei. Laki nne na nusu."

"Imeishia hapo?"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka karani akainama mbele. "Mali ya... Mali yangu mimi."

Katika chumba kile watu wanne hawakusikia kitu cha maana. Mwenye suti alikunja uso akitafuta ufa kwenye maneno yale asiuone. Lakini Lebo alihisi bega la mkewe, lililokuwa limegusana na lake tangu asubuhi, likiondoka taratibu.

"Sasa hii si inawasaidia?" mhandisi alishangaa. "Kwa nini uikate? Haya, yuko mtu anayeweza kuthibitisha siku hiyo? Mtu aliyeuona ukuta kwa macho?"

Feni ilizunguka. Lebo hakuthubutu kugeuka. Alijua kwamba mkewe akinyamaza tu, bila hata kusema ubaya, watu wale watapata upenyo, na alijua kwamba ana kila haki ya kunyamaza.

"Mimi," mke alisema, akasimama. Hakuegemea kitu. "Tarehe nane naikumbuka, sitaisahau. Siku hiyo zilipotea hela zangu za mashine. Laki nne na nusu. Jioni nilikaa sakafuni nikashona mfuko wa suruali. Kesho yake, tarehe tisa, huyu bwana aliamka mapema akaenda kununua gazeti. Nikasema afadhali, ajiliwaze. Nilianika nguo mbele ya ukuta ule asubuhi ile. Ulikuwa mzima, hauna hata mstari."

"Hela," karani aliuliza, kalamu juu. "Niandike ziliibiwa?"

Mke alifikiri kidogo. "Andika zilipotea," alisema, akakaa. Alikaa mwisho wa benchi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwenye suti alinong'ona na msimamizi, msimamizi akavua kofia. Mhandisi aliamua kampuni ijenge ukuta upya ndani ya siku sitini, na kugonga mhuri akagonga pale pale.

"Jambo moja," alimwambia Lebo. "Kamera, kadi na hiyo lenzi ni ushahidi. Hawa wanaweza kukata rufaa. Usiuze, usiazimishe, usifute. Mpaka ukuta usimame."

Nje mke alitangulia. Hakukimbia, hakulia, alitembea mwendo wake wa kawaida wa kwenda sokoni, mkoba begani, na Lebo alimfuata nyuma hatua nane na kamera shingoni. Kila mtu waliyepishana naye aliitazama.

Binti alikuwa amewangojea mlangoni, sare bado mwilini. "Vipi? Tumeshinda?"

"Tumeshinda," mama mtu alisema. "Nyumba ni yetu."

Binti aliruka akamkumbatia baba yake, akaibusu kamera kwenye kofia ya lenzi. "Nilisema! Si nilisema mimi?" Akatoka mbio kwenda kuwatangazia majirani.

Walipobaki wawili, Lebo alisimama katikati ya chumba. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimtoka yakiwa yamekatika katika. "Nitaiuza. Mke wangu, nisikilize. Nitauza kila kitu, na miguu, na mifuko. Nitakununulia ovaloki, hata kesho."

"Hukumsikia mhandisi? Usiuze."

"Basi ukuta ukisimama tu, siku hiyo hiyo."

"Watu walikuchangia pole kazini," mke alisema, kana kwamba hakumsikia. "Nami nikasema tuwaombee dua. Tuliwaombea, unakumbuka? Mimi na wewe." Akautua mkoba mezani. "Mimi nilijua nina mume mwenye wazimu wa kamera. Sikujua nina mume mwongo. Wazimu niliuzoea."

"Nipige basi. Nitukane."

"Ile suruali ya kijivu iko wapi?"

Lebo aliitoa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mke aliipokea, akakaa kwenye kiti chake cha kushonea, akauvuta mfuko nje. Akachukua wembe kwenye kopo la vifaa, kopo lenye lebo. Akaanza kukata mishono yake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akizivuta nyuzi na kuziweka kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa mishono mingi. Siku ile hakuwa amebania uzi. Lebo alisimama anatazama mpaka mwisho, maana hakujua aende wapi. Mke alipomaliza aliikunja suruali vizuri, akaiweka juu ya kiti, akachukua sare iliyokuwa inamsubiri na kuendelea kufunga kingo kwa mkono.

Asubuhi Lebo aliivaa. Ya pili ilikuwa imefuliwa, bado mbichi kambani. Alitia funguo za stoo mfukoni kama kila siku, zikamteremka mguuni zikaanguka sakafuni kwa kishindo. Mkewe alikuwa mezani na sindano yake, hakuinua kichwa. Binti ndiye aliyeinama akaziokota.

"Baba, mfuko wako umetoboka," alisema, akimkabidhi. "Mpe mama akushonee."